Ndege Wajuao Wakati Wao



Kila mwaka katika mwezi wa tisa na wa kumi, mvua za kwanza zikiisha kulainisha mashamba yetu ya Lubondja, ninyi hushika jembe wala hamtazami juu. Si ajabu. Mwenye mihogo na mahindi ya kupanda hana nafasi ya kutazama mawingu. Lakini siku hizo hizo wageni huingia katika bonde letu bila kupiga hodi. Jana mto ulikuwa na ndege wake wa siku zote. Leo asubuhi yupo mmoja zaidi, mdogo, mgongo wa rangi ya udongo, tumbo jeupe, anatembea juu ya mawe ya mtoni akitikisa mkia pasipo kupumzika. Vitabu vya Kiswahili humwita chekeamwezi. Huyo hakuzaliwa hapa. Ametoka Ulaya, naye ameruka juu ya bahari na juu ya jangwa la Sahara, lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,500, hata akafika kwenye jiwe lile ambapo mama zenu hufulia nguo.

Ndege wa safari wanatajwa katika Maandiko Matakatifu. Nabii Yeremia, katika sura ya nane ya kitabu chake, aliwaonyesha watu wa Yerusalemu korongo aliye angani, pamoja na hua na mbayuwayu. Akawaambia kwamba ndege hao wanajua majira yao na kuushika wakati wa safari, bali taifa la Mungu halijui maagizo ya Bwana wake. Nabii hakusema hivyo kwa kupamba maneno tu. Alizaliwa Anathothi, kijiji kilicho karibu na Yerusalemu, na juu ya nchi ile hupita njia kubwa ya ndege. Korongo mweupe hapendi kuvuka bahari pana, kwa sababu hupanda juu kwa msaada wa hewa ya moto itokayo ardhini, na juu ya maji hewa hiyo haipatikani. Basi huizunguka bahari upande wa mashariki: hupita Uturuki, hupita juu ya nchi ya Bwana wetu, huingia Misri, hufuata bonde la Nili mpaka Sudani, kisha wengi huendelea Afrika ya Mashariki hata Afrika ya Kusini. Maana yake ni kwamba korongo aliowaona Yeremia walipokuwa wakielekea kusini walikuwa wakija pande hizi za Afrika. Je, mlipata kulifikiri jambo hilo?

Leo nataka tuseme habari ya wakati huo ambao ndege wanaujua. Kwani katika mafundisho nasikia maneno ya namna mbili, na yote mawili yananihuzunisha. Mmoja husema, "Mwalimu, wakati wangu bado." Mwingine husema, "Mwalimu, wakati wangu umekwisha kupita." Huyo wa kwanza kwa kawaida hucheka anaposema. Wa pili hutazama chini.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi niliwaongoza watoto wa darasa la sita kwenda mtoni saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umelala bondeni. Niliwapa sharti moja: asiseme mtu mpaka jua liguse maji. Mnawajua watoto, sharti hilo halikudumu. Hata hivyo tuliona mengi. Mdiria, yule mvuvi mwenye manyoya meusi na meupe, alisimama hewani mahali pamoja akipiga mabawa, kisha akajitupa majini kama jiwe, akatoka na samaki mdomoni. Huyo ni mwenyeji, hana safari. Juu yetu walipita keremkerem, ndege wale wa rangi nyingi walao nyuki, wakiitana kwa sauti laini. Hao walikuwa njiani, wala hawakushuka.

Kisha wakaja mbayuwayu. Hapo niliwasimamisha watoto, kwa maana mbayuwayu si wa namna moja. Wapo wenyeji, wajengao viota vya udongo chini ya mapaa yetu na kuzaa hapa hapa. Lakini yule mwenye koo jekundu kama tofali, utepe mweusi kifuani, na mkia mrefu uliogawanyika, hajengi kwetu. Kiota chake kiko Ulaya, katika zizi la ng'ombe au chini ya paa la mkulima. Kwetu huja kula na kungoja. Uzito wake ni kama gramu 20. Kipande cha sabuni ya kufulia ni kizito kuliko ndege watano wa namna hiyo. Mwezi wa tano mwaka 1911, huko Uingereza, mtu mmoja alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, akamwacha aende zake. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1912 ndege yule yule akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini, na pete yake ikasomwa. Kazi hiyo ya pete ilianzishwa vema mwaka 1899 na Hans Christian Cornelius Mortensen wa Viborg, nchi ya Denmark. Alikuwa mwalimu wa shule, nami nafurahi kulisema hilo.

Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwao kuna vita?" Tazameni jinsi mtoto wa Fizi anavyouliza. Nikamjibu kwamba la, safari hii haitokani na vita. Kule kaskazini kuna majira ambayo sisi hatuna. Kuanzia mwezi wa tisa mchana hupungua siku kwa siku, majani ya miti hugeuka manjano na kupukutika, wadudu hufa au kujificha. Mbayuwayu hula wadudu warukao, hali punje. Akikaa, njaa itamwua. Lakini haondoki siku ile njaa inapomshika. Huondoka mapema, chakula kingalipo, kwa sababu kupungua kwa mchana kumempa habari. Akingoja mpaka aione theluji, amechelewa, hana tena nguvu za kuvuka bahari na jangwa.

Tena kuna jambo lingine. Wataalamu wa Ulaya wamewaweka ndege wa safari ndani ya vizimba, wakawapa chakula tele na joto la kutosha. Majira ya safari yalipofika, ndege wale walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka kuelekea upande ule ule ambao wenzao walio huru walikuwa wakiendea. Hawakukosa chakula, wala hakuna aliyewaambia. Muumba ndiye aliyeliweka jambo hilo ndani yao.

Ndugu mkatekumeni, nawe umepata kuhangaika hivyo. Ulikuwa umeshiba, jirani hawana neno juu yako, nyumba haivuji, na bado usiku ulikosa usingizi ukajiuliza, "Maisha yangu yanakwenda wapi?" Hukujiwekea swali hilo mwenyewe. Ni Mungu anayekuita, na huko kuitwa ndiko tunakokuita neema. Wewe unayesema wakati wako bado, nakuuliza: unangoja kuona nini? Wengine hungoja uzee, kwa kuwa wanapenda wake wawili, au kanyanga, au deni ambalo hawataki kulipa. Wanadhani ubatizo ni mlango wa kuingilia kaburini. Hata watu wakubwa wamefikiri hivyo. Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo uhuru mwaka 313, lakini yeye mwenyewe alibatizwa mwaka 337 alipokuwa karibu kufa. Alifika, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini simpendi kama mfano. Afadhali Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliyechelewa nusu ya ujana wake, kisha akabatizwa Pasaka ya mwaka 387, akatumia miaka zaidi ya arobaini iliyobaki kumtumikia Mungu.

Hapa nimesikia swali, nalo ni swali la haki: "Mwalimu, watuambia tusichelewe, lakini Kanisa lenyewe linatuchelewesha. Jirani yangu aliingia dini fulani Jumapili, na Jumapili iliyofuata akazamishwa mtoni. Mimi najifunza mwaka baada ya mwaka." Kardinali Lavigerie, aliyewatuma mapadri wa kwanza katika Ziwa Tanganyika mwaka 1878, aliwawekea wakatekumeni miaka minne ya mafundisho, na wengi waliona ni mirefu mno. Lakini rudini kwa ndege. Kabla ya kuvuka jangwa, ndege mdogo hula kwa bidii majuma kadhaa. Wengine huongeza mafuta mwilini hata uzito wao ukakaribia mara mbili. Mtu asiyejua akimwona atasema, "Huyu mvivu anakula tu, hasafiri." Kumbe safari imekwisha kuanza. Ndege aondokaye bila mafuta huanguka mchangani, na hakuna ajuaye alipoanguka. Ndivyo ulivyo mwaka wako wa mafundisho. Kuchelewa ni kukaa bila kula. Wewe unayejifunza sala, unayejifunza kusamehe, unayeacha uganga wa hirizi kidogo kidogo, huchelewi hata siku moja.

Turudi mtoni. Kijana mmoja, jina lake nalificha, alitoa manati mfukoni akamlenga chekeamwezi. Nikamshika mkono. Akasema, "Mwalimu, ni nyama." Nikamwuliza, "Nyama kiasi gani?" Akamtazama ndege, akatazama kidole chake, akacheka. Sitawaambia kwamba Kanisa linakataza kula ndege. Nyumba zetu zimeijua njaa, na baba mwenye watoto hatubiriwi habari ya ndege. Lakini Katekisimu yetu inafundisha kwamba kumtesa au kumwua mnyama bila haja hakumfai mwanadamu. Kumwua mgeni aliyevuka jangwa, kwa ajili ya kuchekesha wenzako, hiyo si haja. Kijana akarudisha manati mfukoni. Kama aliitoa tena nilipogeuka, Mungu anajua.

Wakati huo mama mmoja mwenye mvi alikuwa ameshuka na dumu lake kuchota maji. Ameniruhusu nisimulie mazungumzo yetu, ila nisimtaje jina. Alitusalimu, akauliza, "Mwalimu, mnawinda nini bila mishale?"

Nikamjibu, "Mama, tunatazama wageni." Nikamwonyesha yule wa jiweni, nikamweleza atokako.

Akatua dumu lake. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na upepo ukimtupa mahali asipopajua, mwanangu, anaanza upya kutoka kwao?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Wengi hufa njiani. Lakini aliyebaki hai huendelea kutoka pale alipotupwa."

Nanyi nawaeleza jinsi ninavyolijua jambo hilo, kwa maana si la kubuni. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Uholanzi, jina lake Perdeck, aliwakamata ndege waitwao kwezi zaidi ya 11,000 waliokuwa safarini, akawapeleka kwa ndege ya chuma mpaka Uswisi, mbali na njia yao, akawaachilia huko. Kwezi wazima, ambao walikuwa wamekwisha kuifanya safari hiyo zamani, waligeuza njia, wakaelekea mahali pao pa siku zote. Lakini kwezi wachanga, waliokuwa katika safari yao ya kwanza, walishika upande ule ule waliokuwa wakiuendea tangu mwanzo, kana kwamba hawakuhamishwa. Wakafika nchi nyingine kabisa. Mwenye kuyajua makao yake hata akitupwa hutafuta tena. Mwenye kujua upande tu, bila kuyajua makao, hupotea akiwa na bidii nyingi.

Mama yule alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Basi mimi nilitupwa."

Habari yake inafanana na ya wengi wenu. Alianza mafundisho akiwa mwanamke kijana, akafika mwaka wa tatu, akabakiza kidogo tu. Mwaka 1996 vita vikafika. Akavuka ziwa usiku kwa mtumbwi pamoja na watoto wawili, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania. Mimi mwenyewe nilijifunzia kusoma katika kambi ile. Mavumbi yake nayakumbuka. Tangu mwaka 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, naye alirudi, akajenga juu mlimani. Baadaye bunduki zikamshusha tena. Kadi yake ya ukatekumeni iliungua pamoja na nyumba. Alipokuja siku moja kanisani kuuliza, alionyeshwa benchi la watoto wa miaka kumi, na vijana wawili wakacheka. Hakurudi. Husali rozari nyumbani, na Jumapili husimama nje karibu na dirisha.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu wa umri wangu akianza sura ya kwanza na wajukuu, si aibu? Wakati wangu umepita."

Ninyi nyote mliopoteza kadi, mliokatizwa na vita, na ugonjwa, na safari, sikilizeni nilivyomjibu. Siku ile alipopokewa kuwa mkatekumeni, padri alimwandikia alama ya msalaba katika paji la uso. Kadi imeungua, msalaba ule haukuungua. Mkatekumeni si mgeni asimamaye uani. Kanisa linafundisha waziwazi kwamba wakatekumeni wamekwisha kuunganishwa nalo, nalo linawakumbatia na kuwatunza kama walio wake. Kukimbia bunduki si kuasi. Mtakatifu Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akawakimbizia Misri, na hakuna malaika aliyemwambia kwamba anakosa imani. Wala Bwana wa shamba la mizabibu hakuwauliza wale wa saa ya kumi na moja walipie masaa waliyosimama sokoni.

Tena nilimwambia habari ya korongo. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji katika matope mpaka baridi ipite. Mwaka 1822, karibu na Klütz, nchi ya Ujerumani, korongo mmoja alirudi akiwa na mkuki umemchoma shingoni na kutokea upande wa pili. Wenye maarifa walipoutazama mkuki ule waliona ni wa Afrika ya kati. Hapo ndipo walipojua. Ndege yule alichomwa huku kwetu, wala hakufa. Aliruka na mkuki wake shingoni, akavuka jangwa, akafika kwao wakati wake. Walimwua huko kwa bunduki, ili wamchunguze, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. (Alipona mkuki wa kwetu, hakupona udadisi wa kwao.) Mama, nikasema, wako watu wafikao kwa Mungu bila jeraha, na wako wafikao na mkuki shingoni. Hakuna aliyemwambia korongo yule atoe mkuki kwanza ndipo aanze safari.

Akacheka mara ya kwanza. Akasema, "Wangu ni mikuki miwili."

Baadhi yenu mna shida nyingine: wazazi wenu si Wakristo, nyumbani hakuna aombaye, mnaambiwa mnawaacha mababu. Kwa ajili yenu yupo kekeo. Huyu ni ndege atagaye yai katika kiota cha ndege mwingine, kisha akaenda zake. Mwenendo wa mama huyo siusifu. Kekeo mchanga wa Ulaya hulelewa na wageni, na wazazi wake huwa wamekwisha kuondoka majuma mengi kabla yeye hajaweza kuruka vizuri. Waliomlea wana njia zao nyingine. Lakini wakati ukifika huondoka peke yake, usiku, akaelekea Afrika ambayo hajapata kuiona. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza waliwafunga kekeo watano vyombo vidogo vya kutoa ishara, wakawafuata kwa njia ya satelaiti, wakaona kwamba safari yao ilikuwa ya kuja katika misitu ya bonde la Kongo. Nchi yetu, ndugu zangu! Basi usiseme, "Kwetu hakuna aliyenitangulia." Lakini msisahau wale kwezi wachanga waliopotea. Msukumo wa moyo unatosha kukuondoa nyumbani. Mambo yakikugeuzia njia, unahitaji mtu aliyekwisha kufika. Ndiyo sababu Kanisa linakupa katekista na msimamizi wa ubatizo. Na hapo wazee waliotupwa mbali wakarudi wana kazi kubwa kuliko wanavyodhani.

Sasa nisiwadanganye. Ndege si mwalimu wa kila jambo. Yeye huondoka penye njaa, na hilo ni haki yake, lakini mapendo mara nyingine hukaa pale ambapo ndege angeondoka. Mnajua habari za Fizi na Baraka. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na Fizi Padri Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert. Watatu walikuwa Wasaveriani kutoka Italia. Wa nne alikuwa padri wa nchi hii. Walikaa na watu wao. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri. Wale watatu walikuja kutoka kaskazini kama ndege zetu, lakini hawakushika majira ya kurudi.

Kuna na wakatekumeni waliojua saa yao kuliko ndege ye yote. Katika Uganda, mwezi wa tano mwaka 1886, vijana wa jumba la mfalme Mwanga waliona kwamba kifo kimekaribia. Usiku huo Karoli Lwanga aliwabatiza waliokuwa bado, na kati yao Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Tarehe 3 Juni waliuawa Namugongo. Kizito hakumaliza kitabu chake cha mafundisho. Alikuwa ameshiba kwa safari ile.

Nawaeleza sasa la kufanya, kwa maana mwezi wa kumi hauna siku nyingi. Wageni wetu wa mtoni watakaa mpaka mwezi wa tatu au wa nne, kisha wataanza kurudi kaskazini, karibu na siku zile tunazoadhimisha Pasaka. Katika Mkesha wa Pasaka ndipo wakatekumeni walio tayari hubatizwa, na majina yao huchaguliwa mwanzoni mwa Kwaresima. Basi kila mmoja wenu aliyeacha mafundisho kwa sababu yo yote amwendee katekista wa kijiji chake kabla ya Majilio. Asiye na kadi aseme alifika mwaka gani, alifundishwa wapi na nani. Tutauliza, tutatafuta mashahidi, na Padri Paroko ataamua aanzie wapi. Hatarudishwa nyuma bila sababu. Wenye wake wawili nao waje. Shauri lao ni gumu, lakini haliwezi kuzungumzwa na mtu asiyekuja. Watu wazima watakuwa na saa yao, Alhamisi baada ya kazi za shamba, mbali na benchi la watoto. Kijana atakayemcheka mzee atafagia kanisa mwezi mzima.

Yule mama alikuja Alhamisi iliyofuata, akiwa na mama wengine watatu ambao sikuwajua. Mmoja wao alikuwa amebeba kadi yake ya Nyarugusu, imekunjwa mara nne katika mfuko wa nailoni, jina limefutika nusu. Tuliliandika upya.